Kupima uthabiti wa turbini ya upepo ya mhimili wima inayoelea

Anza na boya linaloibeba turbini kabla ya mapanga yake yanayozungushwa na upepo. Kwa anayeunda kielelezo cha kujaribiwa Ziwa Victoria, karibu na Entebbe au Jinja, hatua ya kwanza ni kukiinamisha kwenye maji matulivu, kukiachia, na kupima sekunde za myumbo mmoja kamili. Kisha pima muda kati ya wimbi na wimbi. Vipimo hivyo viwili vikikaribiana, myumbo utakua, nawe huna budi kubadili uzito wa chini au upana wa boya.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni msukumo wa mapanga yenyewe. Katika aina aliyoibuni Mfaransa Georges Darrieus, iliyopata hataza Marekani mwaka 1931, kila panga hukutana na upepo kwa pembe inayobadilika bila kukoma, kwa hiyo mapanga mawili hutikisa boya mara mbili katika kila mzunguko, na matatu hulitikisa mara tatu, lakini kwa nguvu ndogo zaidi. Napendekeza matatu. Linganisha mitikisiko hiyo pia na myumbo uliopima.

Jenereta iwekwe chini, ili kitovu cha uzito kishuke. Hiyo ndiyo faida kuu ya mhimili wima. Hata hivyo, jenereta hulisukuma boya nalo lizunguke, na kamba moja ya nanga haiwezi kulizuia: funga tatu kwenye kingo zake, zitandazwe kwa nafasi sawa.

Ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10. Punguza makadirio ya umeme kwa kiasi hicho.