Jinsi ya kusoma utafiti wa faida za njugu kabla hujaamini kichwa cha habari

Mama mdogo ana presha. Juzi alinitumia habari kwenye simu: anayekula njugu kila siku anapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 20. Chini yake kaandika, "Mwanangu, sasa dawa za nini tena?" Nikaenda kwake, tukakaa na kuufuata utafiti mpaka kwenye chanzo. Tulipita hivi.

1. Upate utafiti wenyewe. Tafuta PubMed, hazina ya mtandaoni ya tafiti za kitabibu, kwa jina la jarida, mwaka na mada. Video achana nazo.

2. Watu walipewa njugu, au waliulizwa tu wanakula nini? Ile asilimia 20 ilitoka kwenye jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine, mwaka 2013. Wauguzi na wataalamu wengine wa afya zaidi ya 118,000 wa Marekani walijaza madodoso kwa miaka mingi. Waliokula njugu zaidi walikuwa pia wembamba zaidi, wakivuta sigara kidogo na kufanya mazoezi zaidi. Watafiti walizisawazisha tofauti hizo kwa hesabu, lakini hesabu husawazisha kilichopimwa tu. Ndiyo maana mimi huanza na majaribio ambayo watu wamegawanywa makundi kwa bahati nasibu. Kwa njugu, anza na PREDIMED ya Hispania: watu 7,447 wenye hatari kubwa ya maradhi ya moyo. Kundi moja lilikula mlo wa Mediterania na mafuta ya zeituni, la pili mlo huohuo na gramu 30 za njugu za miti (jozi, lozi na hazelnut) kwa siku, na la tatu lilishauriwa kupunguza mafuta.

3. Geuza asilimia iwe watu. Hapa usikimbie, maana hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima nilipousoma utafiti huu mara ya kwanza.

Kundi la njugu: 83 walipata shambulio la moyo, kiharusi au kifo cha maradhi hayo, yaani asilimia 3.4. Kundi la tatu: 109, asilimia 4.4. Kwa hiyo kati ya watu 1,000, ni 34 dhidi ya 44. Watu kumi wameepuka, kwa muda unaokaribia miaka mitano. Hiyo ndiyo namba ya kumwambia mgonjwa.

Lakini ukigawanya 3.4 kwa 4.4 unapata upungufu wa asilimia 23, na watafiti wa PREDIMED wameandika 28. Nilirudia hesabu nikidhani nimekosea. Sikukosea. Watu wa kundi la tatu walijitoa mapema kwa wingi zaidi, kwa hiyo kundi hilo lilifuatiliwa kwa muda mfupi zaidi. Watafiti hawahesabu vichwa tu, wanahesabu miaka ambayo kila mtu alifuatiliwa. Kwa kila miaka 1,000 ya namna hiyo, kundi la njugu lilikuwa na matukio 8.0, la tatu 11.2. Gawanya hizo, unapata upungufu wa karibu asilimia 29, jirani kabisa na 28 yao. Namba zisipolingana, tafuta kwanza muda wa ufuatiliaji ndipo umlaumu mwandishi.

4. Angalia kama ulirekebishwa. PREDIMED uliondolewa na jarida lililouchapisha mwaka 2018 ukachapishwa upya, kwa sababu baadhi ya washiriki hawakugawanywa kwa bahati nasibu: kuna waliowekwa kundi moja na mtu wa nyumbani kwao. Matokeo yalibaki karibu yaleyale. Soma toleo la 2018.

5. Nani alilipa? Ule wa madodoso ulisaidiwa kwa sehemu na taasisi ya wafanyabiashara wa njugu. Sababu ya kuutupa haipo hapo, ila ujue.

6. Pima gramu, na uwajue washiriki. Mama mdogo alimimina "kiganja" chake kwenye mizani ya jikoni: gramu 70. Tukapunguza mpaka 30. Kisha nikamwonyesha jedwali la washiriki: wengi wao walikuwa tayari wanatumia dawa za presha, na njugu ziliongezwa juu ya dawa hizo. Akalisoma jedwali mara mbili, akaniomba nimletee maji ya kumezea kidonge cha jioni.