Somo: Kupima streini ya moyo kwa eko, yaani ultrasaundi ya moyo (GLS), hatua kwa hatua

Wakuu, swali la "mbona namba zangu hazieleweki" nimelijibu mara nyingi mno. Naliandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Mashine hufuata madoadoa ya kijivu yaliyo ndani ya msuli, fremu kwa fremu, ikipima ukuta umefupika kwa asilimia ngapi. Hiyo ndiyo streini, na GLS ni wastani wake kwa ventrikali nzima ya kushoto. Ukuta wa sentimita 9 ukifupika hadi 7.2, streini ni -20%. Moyo wa mtu mzima mwenye afya huwa karibu na hapo.

1. Mlaze mgonjwa ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto juu ya kichwa.

2. Bandika stika za ECG (kipimo cha umeme wa moyo). Isiposomeka vizuri, usiendelee.

3. Pima presha na uiandike. Ikiwa juu, streini hushuka hata kama msuli haujaharibika.

4. Chukua picha tatu kutoka kwenye ncha ya moyo: vyumba vinne, viwili na vitatu. Mapigo matatu kila picha, pumzi imeshikwa, fremu 50 hadi 80 kwa sekunde. Fremu zikiwa chache, punguza kina na upana wa picha. Ncha ikionekana ya duara na inarukaruka, hujafika kwenye ncha halisi. Shusha probu, kile kifaa unachoweka kifuani, nafasi moja ya mbavu.

5. Anza na vyumba vitatu, uweke alama pale valvu ya aota inapofunga. Kilele cha mchoro wa streini kinachokuja baada ya hapo usikihesabu.

6. Ukanda wa kufuatilia, yaani eneo unalochora juu ya ukuta ili mashine ilifuate. Hapa ndipo nilipokosea, na nusura mgonjwa aumie. Mama mmoja alikuwa kwenye doksorubisini, dawa ya saratani inayoweza kuumiza moyo, kipimo chake cha kwanza -20%. Safari ya pili nikapata -14%, mashine imekubali vipande vyote vya ukuta kwa alama ya kijani, nikatuma majibu. Daktari akaandika dawa isimamishwe. Usiku sikulala, asubuhi nikafungua picha upya. Ukanda niliuacha mpana, umelalia perikadiamu, utando unaofunika moyo, upande wa nje. Utando huo unang'aa sana na hausogei sana, kwa hiyo mashine ilikuwa inaufuata badala ya msuli. Nikaubana ukanda ubaki ndani ya msuli: -19%. Nikampigia daktari simu kabla mama hajafika kliniki.
ONYO: alama ya kijani ya mashine si ushahidi. Cheza picha polepole, utazame kwa macho kama mstari unakwenda na ukuta.
ONYO: usiujumuishe msuli wa papilari, ule unaochomoza ndani ya chumba na kushikilia valvu.
ONYO: zaidi ya vipande viwili vikikataa kwenye picha moja, usitoe GLS.

7. Linganisha na kipimo cha nyuma cha mashine ileile. Kwa wagonjwa wa kemo (dawa za saratani), kushuka kwa zaidi ya 15% ya kile cha mwanzo ndiko kunakotutia wasiwasi. Mfano, kutoka -20 hadi -16.

MASWALI

kijana_wa_eko: Mkuu, mmoja ana -22 na mwingine -16. Mwenye -22 si ndiye mbaya, maana iko chini zaidi?
Jibu: Hapana. Msuli unafupika, ndiyo maana kuna alama ya kutoa. Rudia aya ya pili.

dr_mpya: Nimerekodi skrini kwa simu, naweza kuitumia?
Jibu: Hapana. Fremu zimepotea na madoadoa yamevurugika.

dr_mpya: Lakini picha inaonekana vizuri tu.
Jibu: Kwa macho yako, ndiyo. Soma hatua ya 4.

dada_sono: Shikamoo mkuu. Nina mzee mwenye kuta nene. Ncha inafupika vizuri ila sehemu za chini, karibu na valvu, ni dhaifu sana. Nimekosea ukanda?
Jibu: Marahaba dada, umeuliza vizuri sana. Kagua ukanda kwanza. Ukiwa sawa, usiufiche mchoro huo: ncha kubaki nzima huku chini kukidhoofika ni dalili inayotufanya tufikirie amiloidosisi, ugonjwa wa protini mbovu kujazana kwenye msuli wa moyo. Tazama pia ECG yake. Mawimbi madogo kwenye moyo wenye kuta nene yanaongeza shaka. Mpeleke kwa daktari wa moyo na picha zote tatu, usimpe namba tupu.

dada_sono: Asante sana. Na mwenye mapigo yasiyo na mpangilio?
Jibu: Rekodi mapigo mengi, chagua yaliyofuatana kwa urefu unaokaribiana, kisha chukua wastani.

mzee_probu: Nyongeza kwa wa mwambao: jasho linabandua stika za ECG. Futa ngozi kwa spiriti, iache ikauke kabisa, ndipo ubandike.
Jibu: Kweli mzee wangu. Na mwenye nywele nyingi kifuani, nyoa kwanza.