Taarab asilia kwenye harusi ya nje, Zanzibar

Kwa wageni mia moja kundi la watu tisa linatosha: udi (ala ya nyuzi kama gitaa), kanuni (ala bapa ya nyuzi nyingi), fidla mbili, akodiani, besi kubwa ya kusimama, dumbaki (ngoma ndogo ya mkono), rika (tari ndogo) na mwimbaji. Ukipunguza, usiguse fidla. Ndizo zinazojibu sauti ya mwimbaji.

Jukwaa liwe la mbao, mita 5 kwa 4, wala si mchanga mtupu, kwani mguu wa besi huzama. Funika juu kwa turubai na uzibe upande unaotoka upepo. Wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, upepo hupeperusha karatasi za noti za muziki na kunguruma kwenye maikrofoni, kwa hiyo andaa vibanio vya nguo na sifongo za maikrofoni. Masika, Machi hadi Mei, usipange nje bila ukumbi wa akiba.

Kanuni ndiyo inayosumbua zaidi. Ina nyuzi zaidi ya sabini, na daraja lake hukalia ngozi. Unyevu wa bahari hulegeza ngozi hiyo na sauti hushuka. Jua nalo huipandisha. Kwa hiyo iletwe jukwaani saa nzima kabla ya kuanza, ikae kivulini izoee hewa, halafu itiwe sauti upya. Mpe mpigaji dakika kumi kila baada ya nyimbo tatu au nne.

Jenereta ikae mbali, upande upepo unakoelekea. Anzeni baada ya Isha, msikatizwe na adhana. Na mbele ya mwimbaji acheni njia ya mita 2: wageni watakuja kumtunza pesa, tena kwa kucheza, na nyaya zikipita hapo watajikwaa.