Sweta la Mtoto kwa Wiki Moja, Kitabu Kikiwa Mezani

Sweta la mtoto wa miaka minne, likifumwa kwa sindano za milimita 4, lina vitanzi karibu 27,000. Mfumaji wa kawaida anayesoma kitabu huku akifuma hufuma kama vitanzi 20 kwa dakika. Hizo ni saa 22 hivi: siku sita za saa tatu na dakika arobaini, kisha siku ya saba ya kushona. La mtu mzima lina vitanzi mara mbili au zaidi, kwa hiyo usilipangie wiki moja. Viganja vitauma na kitabu hutakisoma. Kwa wanaoishi Njombe, Lushoto, Limuru au Kinangop, wiki nzuri ya kazi hii ni ya mwezi Mei, kabla baridi ya Juni haijaingia.

Kanuni inayobeba wiki nzima ni hii: kitabu kinafunguliwa pale tu ambapo kazi inajulikana kwa vidole. Macho yakihitajika kwenye uzi, kitabu kinafungwa. Anayechanganya hayo mawili hufumua usiku alichofuma mchana.

Vifaa

Nunua gramu 250 za uzi wa unene wa kati, ule unaofaa sindano za milimita 4. Nunua zote siku moja na uhakikishe namba ya rangi na namba ya kundi lililotiwa rangi pamoja, kwenye karatasi za mabonge, ni zilezile, kwa sababu bonge la kundi jingine huonyesha mstari kifuani hata kama dukani rangi zilionekana sawa. Kwa mtoto, akriliki ni nafuu na inavumilia kufuliwa mara kwa mara. Sufu ina joto zaidi, lakini ikifuliwa kwa maji ya moto inasinyaa na hairudi tena.

Kwa kuwa utasoma, chagua rangi nyepesi na uzi uliosokotwa vizuri. Uzi mweusi au wenye manyoya hauonyeshi kosa mpaka umelipita kwa sentimita kumi.

Utahitaji sindano za milimita 4 na za milimita 3.25, na moja ya milimita 4.5 ya kufungia shingo, na za mianzi au mbao ni bora kuliko za chuma, maana vitanzi haviponyoki ovyo. Ongeza sindano ya kroshia ya kuokolea vitanzi, sindano butu ya kushonea, tepu ya kupimia, pini kubwa mbili na vibanio viwili vya nguo. Vibanio ni vya kitabu.

Kipande cha majaribio

Kifume siku moja kabla ya wiki kuanza. Anzisha vitanzi 30 kwa sindano za milimita 4, fuma safu 40 (safu moja uso, yaani vitanzi laini, safu moja kinyume, yaani vyenye kinundu), kifue, kikauke kikiwa kimelala, kisha pima sentimita 10 katikati yake. Vipimo vya hapa vinategemea vitanzi 22 kwa upana na safu 30 kwa urefu. Ukipata vitanzi 24, mkono wako unabana: panda hadi sindano za milimita 4.5. Ukipata 20, shuka hadi 3.75. Usidharau tofauti ya vitanzi viwili. Kwa mkono wa 24, sweta lililokusudiwa kuwa na mzunguko wa sentimita 66 linatoka na kama 61, na mtoto mwenye kifua cha sentimita 58 atalivaa kwa shida juu ya shati.

Kifume kipande hiki huku unasoma, si kwa kukikodolea macho. Mkono wa mtu anayesoma haubani sawa na wa mtu anayetazama uzi, na ule wa kusoma ndio utakaofuma sweta.

Kufuma bila kutazama

Shika sindano karibu na ncha zake, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kikigusa kitanzi kinachofuata. Kidole hicho ndicho jicho lako. Kitanzi cha uso ni laini chini ya kidole. Cha kinyume kina kinundu. Fuma safu tano ukitazama, kisha tano ukiinua macho kila baada ya vitanzi vitatu, kisha tano ukiwa umefumba macho kabisa. Usifungue kitabu mpaka safu hizo za mwisho zitoke na idadi kamili ya vitanzi.

Makosa matatu hujirudia, na kila moja lina dalili yake. Vitanzi vikizidi pembeni, ulipogeuza kazi uliuvuta uzi juu ya sindano, kitanzi cha kwanza kikaonekana kama viwili, na ukavifuma vyote: uache uzi uning'inie chini ya sindano kabla hujaanza safu. Vikizidi katikati na kukiwa na tundu, uzi ulihamia mbele usipotakiwa. Vikipungua, kimoja kimedondoka na sasa kinashuka kama ngazi. Kibane kwa pini palepale, kisha kipandishe kwa sindano ya kroshia, ukivuta kila kamba ya ngazi kupita ndani yake. Hesabu vitanzi kila baada ya safu kumi, ili kosa likipatikana lisiwe mbali.

Lipo kosa la nne, ambalo ni la wasomaji peke yao. Hadithi ikikaza, mikono nayo hukaza. Pima upana kila unapomaliza sura. Ukikuta umepungua kwa sentimita moja, ishushe mikono na uyalegeze mabega kabla ya safu inayofuata.

Kitabu gani, na kikae vipi

Kiweke kimeegemea kitu kizito, kimeinama kidogo nyuma, umbali wa sentimita 40 hadi 50 kutoka machoni, na kurasa zibanwe kwa vibanio kila upande. Kitabu kipya chenye jalada gumu la gundi hakikai wazi, hivyo chagua kilichokwisha kusomwa mara kadhaa. Kwenye simu, kuza herufi na uzuie kioo kisijizime. Mwanga utoke nyuma ya bega.

Safu moja ya vitanzi 74 huchukua karibu dakika nne, na kwa wasomaji wengi kurasa mbili zinazotazamana huisha karibu na hapo. Kwa hiyo fungua ukurasa mpya mwisho wa safu, kamwe si katikati, maana sindano iliyoachwa nusu ndiyo hudondosha vitanzi. Karatasi ya kuwekea alama kitabuni iwe pia daftari la safu: chora kijistari kila safu inapoisha.

Riwaya inafaa kuliko vyote. Kitabu cha masomo hakifai, kwa sababu kinadai kalamu. Ushairi, ambao wengi hawaufikirii, una nafasi nzuri ajabu: ubeti wa tarbia una mishororo minne, kila mmoja kwa kawaida mizani 16, nao unatosha kusomwa mara mbili mwanzoni mwa safu na kukaririwa kwa moyo mpaka safu iishe. Ukikwama, kina kinakukumbusha. Kwa njia hiyo macho yanapumzika, na mwisho wa kipande kimoja una shairi zima kichwani. Na kama nyumbani kuna mtoto anayejifunza kusoma, mkalishe karibu akusomee kwa sauti. Wewe utamsahihisha bila kuacha sindano.

Siku ya kwanza na ya pili: mgongo

Acha mkia wa uzi wa sentimita 120, kisha anzisha vitanzi 74 kwa sindano za milimita 3.25. Fuma ukanda unaovutika wa safu 16: kitanzi kimoja uso, kimoja kinyume, mpaka mwisho. Hapa usisome, kwani kubadili kila kitanzi kunahitaji macho. Hamia sindano za milimita 4 na ufume safu 104, moja uso, moja kinyume. Hizi zote ni za kitabu. Bonge jipya liungwe pembeni, mwanzoni mwa safu, ukiacha mkia wa sentimita 15. Mwishoni funga vitanzi vyote. Kipande kiwe na urefu wa sentimita 40 hivi.

Siku ya tatu na ya nne: mbele

Ni kama mgongo mpaka safu ya 86 baada ya ukanda. Funga kitabu. Fuma vitanzi 29, funga 16 vya katikati, fuma 29 vilivyobaki. Hamishia 29 vya kwanza kwenye pini kubwa, na uendelee na upande ulio kwenye sindano. Kila safu ya uso, punguza kitanzi kimoja upande wa shingo, mara saba, mpaka vibaki 22. Endelea bila kupunguza mpaka safu ya 104, kisha funga. Unga uzi upande wa pili na ufanye vivyo hivyo. Pande mbili zikitofautiana hata kwa safu mbili bega litapinda, kwa hiyo zihesabu safu. Usiamini tepu peke yake.

Siku ya tano na ya sita: mikono

Mkono mmoja kila siku. Vitanzi 38 kwa sindano ndogo, safu 16 za ukanda, kisha sindano kubwa. Ongeza kitanzi kimoja kila upande katika kila safu ya nne, mara 14, upate 66. Fuma safu 14 bila kuongeza, funga. Unaweza kusoma katika safu tatu zisizo na ongezeko, mradi kijistari cha safu ya nne ukichore kirefu kuliko vingine. Ukisahau ongezeko moja, liweke safu mbili baadaye, halitaonekana.

Siku ya saba: kushona

Shona bega la kulia. Okota vitanzi vya shingo kwa sindano ndogo: 14 kila upande wa mbele, 16 katikati, 30 mgongoni, jumla 74. Fuma ukanda wa safu 7 na ufunge kwa sindano ya milimita 4.5. Ukifunga kwa sindano ndogo, shingo haitapita kichwani, na hilo ndilo linaloharibu sweta nyingi za watoto zilizofumwa vizuri. Kabla ya kukata uzi, vuta shingo: inapaswa kufika sentimita 52 bila kulalamika. Shona bega la kushoto pamoja na ukanda wake.

Weka alama sentimita 15 chini ya bega, mbele na nyuma. Katikati ya mkono ikutane na mshono wa bega, ushone kati ya alama hizo. Kisha shona ubavu na mkono kwa mfululizo mmoja, ukichukua kamba ya mlalo iliyo kati ya kitanzi cha kwanza na cha pili, upande huu kisha upande ule. Mikia ya uzi ipitishwe ndani ya mishono, sentimita tano kwenda na mbili kurudi.

Lifue kwa maji ya vuguvugu, ulikamue ndani ya taulo bila kusokota, ulilaze juu ya taulo kavu, kivulini, ukilinyoosha kwa vipimo vyake. Usilitundike kwenye kamba likiwa limeloa, maana uzito wa maji huvuta mikono. Akriliki usiipige pasi kabisa: joto huilegeza, na ukanda uliovutika vizuri hautarudi tena.