Kabla hujatuma tangazo kwa wanafunzi wote

Kazi yangu ni kutunza seva ya barua pepe ya chuo, na kila muhula unapoanza napokea ombi lilelile: "Naomba anwani za wanafunzi wote, nina tangazo." Jibu ni hapana. Wanafunzi walitoa anwani zao ili wasajiliwe masomoni, si ili wauziwe kompyuta.

Anza kwa kusoma sera ya chuo chako uone nani anaidhinisha ujumbe wa wote. Mara nyingi ni ofisi ya mawasiliano au ya msajili. Taarifa ya mtihani au ya dharura hupita. Biashara, hata ya mhadhiri, haipiti.

Una cha kutangaza? Waache watu wajiandikishe wenyewe, na uhifadhi ushahidi wa ridhaa yao. Weka jina halisi la mtumaji na kiungo cha kujiondoa. Kibonyeze mwenyewe kwanza uone kama kinafanya kazi. Sheria ya Marekani ya 2003 inampa mtumaji siku 10 za kazi kumwondoa aliyeomba. Mimi nasema mwondoe siku hiyohiyo.

Usibandike anwani 300 kwenye sehemu ya "Kwa". Nilishuhudia mtu akifanya hivyo: kufika mchana watu walikuwa wanajibu "niondoeni", na kila jibu likawafikia wote 300.

Tangu Februari 2024, Gmail inawataka wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenye anwani zake wasifikishe malalamiko ya barua taka asilimia 0.3. Ukifika hapo, hata barua ya udahili inaweza kuishia kwenye folda ya taka.