Sukari Imebaki Wapi? Kutafuta Chanzo cha Ufanisi Mdogo Unapotengeneza Bia Nyumbani

Haidromita, kifaa kinachopima sukari iliyomo katika maji ya kimea kwa uzito wake (maji matupu ni 1.000), inapoonyesha 1.034 ilhali ulitarajia 1.043, na sufuria tayari iko juu ya moto, wengi hukimbilia kulaumu kimea, ingawa ni mara chache sana kimea huwa ndicho chenye kosa. Sukari unayoidai ina mahali ilipo: huenda imo sufuriani nawe hukuipima sawasawa, huenda bado ni wanga uliofungiwa ndani ya punje, au imekwisha kuwa sukari lakini imebaki kwenye machicha kwa sababu hayakusuuzwa ipasavyo. Kila hali ina tiba yake, na tiba ya moja haisaidii nyingine.

Anza na vipimo, kwa kuwa ndivyo rahisi zaidi kuvihakikisha. Haidromita nyingi zimesawazishwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Ukiitumbukiza katika maji ya kimea yenye nyuzi 60, itasoma chini kwa pointi 15 au zaidi (pointi moja ni 0.001 kwenye haidromita), kiasi kinachotosha kuzua msiba usiokuwepo. Majedwali ya kurekebisha kosa hilo yapo, lakini hupoteza usahihi kadiri joto linavyopanda, hivyo ni afadhali kupoza sampuli. Kabla ya kuchota, koroga sufuria kwa nguvu, maana maji mepesi ya kusuuzia huelea juu ya yale mazito yaliyotangulia. Ujazo nao hudanganya: maji yanayokaribia kuchemka huwa yametanuka kwa takriban asilimia 4, kwa hiyo lita 28 za moto ni kama lita 27 zikipoa. Kosa hili la mwisho huupandisha ufanisi, yaani sehemu ya sukari ya kimea inayofika sufuriani, kwa uongo, na ndiyo maana watu huishi nalo muda mrefu bila kulishuku.

Vipimo vikithibitika, piga hesabu. Kilo moja ya kimea cheupe cha shayiri inaweza kutoa karibu pointi 300 katika lita moja ya maji, kwa hiyo kilo 5 zina pointi 1,500. Lita 27 za 1.034, baada ya kusahihisha ujazo, zina pointi 918 (27 mara 34), yaani asilimia 61 ya kilichokuwemo, ilhali lengo la 1.043 lilihitaji pointi 1,161, au asilimia 77. Pengo ni pointi 243.

Kipimo kinachofichua mengi kuliko vyote ni kile ambacho wengi hawakichukui: uzito wa maji ya kwanza, kabla hayajaongezwa maji ya kusuuzia. Ukiwa umeloweka kimea kwa lita 3 za maji kwa kila kilo, na wanga wote ukageuka sukari, maji hayo yatasoma karibu 1.084. Ukipata 1.080 au zaidi na sufuria bado ikatoka pungufu, wanga uligeuka vizuri na hasara imo katika kusuuza. Ukipata 1.065, hakuna kusuuza kutakakokuokoa, kwa kuwa sukari yenyewe haijapatikana. Pima kabla ya kufungua bomba, wakati bado unaweza kukoroga, kurudisha joto na kuongeza nusu saa.

Ikiwa wanga haukugeuka, tazama kwanza namna kimea kilivyoparazwa. Punje nzima hupita katika maji ya moto na kutoka karibu kama zilivyoingia. Maganda yabaki makubwa ili yachuje, lakini ndani pasibaki vipande vigumu. Nafasi ya takriban milimita 1 kati ya rola za kinu hufaa kwa shayiri, na ngano, kwa udogo wa punje zake, huhitaji nafasi finyu zaidi. Kimea kilichonunuliwa kikiwa kimeparazwa tayari nacho kikaguliwe. Kisha chunguza madonge makavu, kipimajoto, ambacho kinapaswa kujaribiwa katika maji yenye barafu na yanayochemka, na pH, yaani kipimo cha uchachu, ambayo sampuli iliyopozwa inapaswa kuonyesha kati ya 5.2 na 5.6. Vimeng'enya, vinavyogeuza wanga kuwa sukari, hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 62 na 70, lakini maji yaliyomwagwa yakiwa moto kupita kiasi huviua, na kuyapoza baadaye hakuvifufui. Tone la iodini likigeuka bluu-nyeusi, wanga bado upo. Lisipogeuka, usifurahi mapema, kwa sababu iodini hupima maji tu wala haioni wanga uliojificha katikati ya vipande vikubwa. Sampuli yenye iodini itupwe.

Upande wa kusuuza, adui mkubwa ni haraka. Maji yanayonyunyizwa juu ya machicha huku bomba likiwa wazi kabisa hujichimbia njia chache na kuacha sehemu nyingine na sukari yake. Mtiririko wa dakika 45 hadi 60, huku maji kidogo yakifunika machicha wakati wote, huondoa tatizo hilo. Anayesuuza kwa mkupuo, yaani kwa kumwaga maji mengi mara moja badala ya kuyanyunyiza, akoroge vizuri kila anapoongeza maji. Machicha hushikilia karibu lita 1 kwa kila kilo ya kimea, na lita hizo hubeba sukari, hivyo anayeloweka kimea ndani ya mfuko aukamue bila woga. Usipitishe maji ya nyuzi zaidi ya 77, na simama maji yanayotoka yakishuka chini ya 1.010, kwani baada ya hapo hukusanya ukakasi kuliko utamu.

Kwa bia iliyoko jikoni sasa, takriban gramu 650 za unga wa maji ya kimea yaliyokaushwa zitaziba pengo la pointi 243. Njia nyingine ni kuchemsha hadi zibaki lita 18 badala ya 23 zilizokusudiwa, ambazo zitafika karibu 1.050, ingawa rangi itakolea. Mimi hupendelea unga, kwa kuwa hautumii kuni wala gesi ya ziada. Ukiamua kuiacha bia nyepesi, kwa 1.040 katika lita 23, punguza hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) kwa moja ya tano kabla hazijaingia sufuriani.