Kabla ya mvua ya kwanza: mambo ya kuangalia stata ya trekta la zamani inapogoma

Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Ardhi ikishalowa, kila mwenye shamba kuanzia Bahi hadi Kongwa anataka trekta siku hiyohiyo. Hiyo siyo siku ya kugundua kwamba Massey Ferguson 135 iliyolala miezi yote ya kiangazi chini ya mwarobaini haitoi hata mlio ukizungusha ufunguo. Ifanye kazi hii Oktoba, fundi rewaya akiwa bado ana nafasi, na kama kuna kifaa cha kuagiza Gerezani, Dar es Salaam, uwepo muda wa kukisubiri kije na basi.

Jambo ninalolisisitiza ni hili: stata, yaani mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake, isipofanya kazi, usikimbilie kuifungua. Mara nyingi umeme umekwama njiani, na watu hununua stata nyingine wakati ya kwanza ni nzima.

Kabla ya kugusa chochote, weka gia nyutro, vuta breki ya mkono, tia mawe mbele na nyuma ya matairi, na uvute waya wa kuzimia injini ili isiwake wakati unapima.

Anza na betri. Joto letu hukausha maji yake, kwa hiyo fungua vifuniko na uongeze maji ya betri yasiyo na asidi mpaka sahani zifunikwe. Maji ya kisima usiyatie kabisa. Ya kwetu mengi yana chumvi na yataiua. Kisha pima kwa mita ya volti. Betri iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 ichajiwe kwanza kabla hujalaumu kitu kingine. Halafu mwenzako akalie kiti apige stata wewe ukitazama mita. Ikianguka chini ya 9.6, ama betri imechoka ama stata inavuta umeme kupita kiasi. Isiposhuka hata kidogo, umeme haufiki kwenye stata. Moto na sigara viwe mbali, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka.

Nyaya ndizo zinazosumbua kuliko vyote. Ukungu mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri uoshe kwa maji ya moto yenye magadi soda, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi. Ukifungua, tangulia kutoa waya wa bodi, yaani ule unaounganisha betri na chuma cha trekta. Kwenye trekta nyingi huo ni wa hasi, ila baadhi ya trekta kongwe za Uingereza zenye dinamo zimefungwa chanya kwenye bodi, hivyo angalia kabla ya kurudisha. Ufuatilie waya huo hadi unapoishia: kutu, rangi au vumbi chini ya nati yake vinatosha kuzuia umeme. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti kati ya kichwa cha betri cha bodi na chuma cha injini wakati stata inapigwa, umelipata tatizo. Kagua pia nyaya nyembamba, maana panya hupenda kuzitafuna trekta likilala muda mrefu.

Halafu kuna swichi ya usalama. Kwenye Massey Ferguson nyingi za zamani iko kwenye gia boksi, na haipitishi umeme mpaka gia ya hai na lo (ya mwendo wa kasi na wa polepole) iwe nyutro. Mara nyingine kuitikisa gia hiyo kunatosha. Mafundi wengi huikata na kuunga waya moja kwa moja. Mimi nasema irudishwe. Na ule mtindo wa kusimama chini mbele ya tairi la nyuma na kugusisha vichwa viwili vya stata kwa bisibisi uachwe kabisa. Unairuka swichi hiyo, na trekta likiwa kwenye gia huwaka likaondoka hapohapo na kumkanyaga aliyesimama. Watu wamekufa kwa namna hiyo. Hakuna ekari yenye thamani hiyo.

Sasa sikiliza. Mlio wa ta-ta-ta wa haraka ni betri dhaifu au kichwa kilicholegea. Mlio mmoja mzito, kisha kimya, ni sulenoidi (swichi kubwa inayopeleka umeme kwenye stata) au brashi (vipande vya kaboni ndani ya stata) zilizokwisha, ndipo stata inastahili kufunguliwa. Stata ikizunguka peke yake bila kuvuta injini, bendeksi (gia ndogo ya stata) imekwama au meno ya flaiwili, gurudumu zito la injini inaloshika, yamelika.

Kabla ya kuishusha stata, jaribu kuzungusha injini kwa spana kwenye puli ya mbele. Ikigoma kabisa, huenda maji yameingia kwenye silinda kupitia ekzosi iliyosimama bila kifuniko. Usilazimishe, ita fundi.

Ukipiga stata, isizidi sekunde 10, kisha uipumzishe dakika nzima. Likiwaka, rudisha mita kwenye betri: isome kati ya volti 13.8 na 14.4. Ikibaki 12, angalia mkanda wa feni na alteneta kabla hujakubali oda ya mtu yeyote.